Tuliona Mwisho Kabla ya Kusoma Mwanzo

Katika mji wa Rumonge, ulioko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilometa 70 na zaidi kusini ya Bujumbura kwa barabara ya pwani, usiku wa mbalamwezi ni usiku wa mapumziko. Mvuvi wa dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, hutegemea taa. Nayo taa haina kazi mwezi unapong'aa juu ya maji, kwa maana samaki hawajikusanyi tena kuufuata mwanga chini ya mtumbwi. Basi kwa siku hizo chache za kila mwezi mitumbwi hukaa mchangani, nyavu hushonwa, na wanaume wenye nguvu zao hubaki mjini usiku bila shughuli. Ndipo vibanda vya video vinapojaa.

Tulifika Rumonge katika siku za namna hiyo, na jioni moja tukajikuta tumebanana juu ya benchi katika kibanda cha mabati, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta na harufu ya mawese ikiingia mlangoni. Mbele ya televisheni walikaa wavuvi, wapakizi wa bandarini, vijana wa shule waliopaswa kuwa wamelala, na askari wapatao sita wasiokuwa zamu. Walivaa kiraia, lakini viatu viliwasema. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa akifasiri papo kwa papo, kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, kazi ile ile iliyompa Lufufu jina huko Dar es Salaam na DJ Afro nchini Kenya. Na kama ilivyo ada ya wafasiri hao, pale alipoona mtunzi amepungukiwa na maneno alimwongezea yake.

Onyesho lenyewe lilikuwa Game of Thrones, tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa na kituo cha HBO tangu tarehe 17 Aprili 2011 hadi tarehe 19 Mei 2019, sehemu 73 katika misimu 8. Usiku ule kilionyeshwa kisa cha vita vya mto Blackwater. Baada ya onyesho askari mmoja wa makamo alitufuata nje. Alikuwa amehudumu Somalia, katika majeshi ya Umoja wa Afrika ambayo Burundi ilianza kuyapelekea askari wake mwezi Desemba 2007. Na huko, katika kambi, aliitazama tamthilia hiyo yote kwenye kompyuta ya mwenzake. Sasa alikuwa amepata juzuu moja ya hadithi hiyo kwa Kifaransa, jalada limechanika.

“Mzee,” alituuliza, “mimi nimekwisha kuona mpaka mwisho. Nikianza kusoma sasa, nitapata nini nisichokijua? Na tena naambiwa mwenyewe mwandishi hajamaliza.”

Hatukumjibu vizuri usiku ule, kwa kuwa tulikuwa na usingizi na yeye alikuwa na zamu alfajiri. Twajaribu kumjibu hapa, pamoja na ndugu zetu wengine wa jeshi na polisi wenye swali kama lake, maana twajua si wachache.

Kwanza yafaa kueleza jambo lilivyokuwa. Mtunzi ni George R. R. Martin, Mmarekani aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1948. Mfululizo wa vitabu vyake huitwa A Song of Ice and Fire. Alipoanza alikusudia vitabu vitatu tu; baadaye hesabu ikapanda hadi saba. Cha kwanza kilitoka mwaka 1996, cha pili 1998, cha tatu 2000, cha nne 2005, na cha tano tarehe 12 Julai 2011, miezi mitatu baada ya televisheni kuanza kuonyesha. Cha sita, ambacho jina lake limekwisha tangazwa kuwa The Winds of Winter, hakikufika. Tarehe 2 Januari 2016 mtunzi mwenyewe aliwatangazia wasomaji wake kwamba hakukimaliza, na kwamba televisheni ingempita. Ikampita kweli. Waandaaji wa tamthilia, David Benioff na D. B. Weiss, walikuwa wameelezwa naye mambo makuu ya mwisho wa hadithi; wakaendelea na safari kwa ramani ya kusimuliwa, wakafika mwisho miaka mingi ambayo mwenye hadithi bado yu njiani.

Hili si jambo la kawaida katika historia ya vitabu. Watunzi kufa kazi ikiwa haijakamilika tumekwisha kuona: Mwingereza Charles Dickens alifariki mwaka 1870 akaacha hadithi ya mauaji ambayo muuaji wake hakutajwa mpaka leo. Lakini mtunzi kuwa hai, na hadithi yake kumalizwa na wengine mbele ya macho ya dunia nzima, hilo ni la kizazi chetu.

Sasa turudi kwa swali la afande. Aliyetazama kwanza amepoteza kitu, na hatuna budi kukiri. Amepoteza sura za watu. Tyrion Lannister, mtoto mfupi wa kimo wa ukoo tajiri, kwake yeye atakuwa na uso wa Peter Dinklage daima. Wala hatadhurika na upanga kama alivyodhurika kitabuni, ambako katika vita vya Blackwater alikatwa pua, akawa mtu wa kutisha kumtazama. Televisheni ilimwachia kovu tu, na kovu la kumpendeza.

Kikubwa zaidi ni umri. Robb Stark, jemadari wa Kaskazini anayeshinda kila pigano na kupoteza vita, katika televisheni ni mwanamume mwenye ndevu. Kitabuni ana miaka 14 hadithi inapoanza, na anapouawa katika karamu ya arusi ana miaka 16. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, ambako neno kadogo lilipata maana ya mtoto mwenye bunduki, msomaji hawezi kupita juu ya tarakimu hizo kwa haraka. Mtazamaji humwona shujaa aliyekosea katika mapenzi. Msomaji humwona mtoto aliyekabidhiwa jeshi, aliyeumizwa vitani, akapata habari kwamba wadogo zake wameuawa, akafarijiwa na msichana usiku huo, na asubuhi akamwoa ili asimvunjie heshima, ingawa alikuwa amewekeana ahadi na ukoo mwingine. Katika televisheni msichana huyo ni mwingine kabisa, na ndoa ni ya mapenzi. Tendo ni lile lile, ahadi iliyovunjwa ni ile ile, na maelfu ya askari waliokufa kwa ajili yake ni wale wale. Lakini sababu siyo ile. Askari anayejua kwamba mara nyingine amri mbaya hutoka kwa mtu mwema atakipenda kitabu kwa jambo hili moja.

Na vile vita vya Blackwater vyenyewe? Wavuvi wa Rumonge walishangilia moto wa kijani ulipoziunguza merikebu za Stannis, nasi tulishangilia pamoja nao. Hata hivyo mtu aliyewahi kulinda bandari au mdomo wa mto atauliza: merikebu zile zilishindwaje kugeuka? Televisheni haijibu. Kitabu hujibu. Tyrion aliwakusanya wahunzi wa mji mzima, akawaamuru waache kufua mapanga na deraya wafue pete za mnyororo mkubwa, mmoja tu. Akauzamisha mdomoni mwa mto, akaiachia manowari ya adui iingie yote, akawasha moto, kisha mnyororo ukainuliwa kwa winchi zilizozungushwa na ng'ombe. Mlango ukafungwa. Wahunzi walinung'unika kwa majuma mengi bila kujua wanatengeneza nini, na msomaji pia hajui, mpaka anapouona mnyororo kwa macho ya Davos, nahodha aliye upande wa adui, ambaye wana wake wanne wamo katika merikebu zinazoteketea. Twasikia ya kuwa fedha hazikutosha kuuonyesha mnyororo ule katika televisheni. Na jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba aliyeuondoa ni mtunzi mwenyewe: sehemu ile, iliyoonyeshwa mwezi Mei 2012, iliandikwa na Martin kwa mkono wake.

Ndugu zetu wa polisi wana yao pia. Kila sura ya vitabu hivi hupewa jina la mtu mmoja, na ndani ya sura hiyo hatuoni ila alichokiona yeye, hatusikii ila alichokisikia yeye. Ni kama jalada la upelelezi lenye maelezo ya mashahidi. Mmoja anadanganya, mwingine alikuwa mlevi, wa tatu ni mtoto, wa nne amesema kweli lakini alisimama mahali pabaya. Msomaji ndiye mpelelezi. Yampasa kuyalinganisha maelezo.

Chukua kesi ya kisu. Kijana Bran ameanguka kutoka dirishani na amelala hajitambui. Mtu anatumwa usiku amchinje kwa kisu cha thamani kubwa. Ni nani aliyemtuma? Katika kitabu cha tatu, watu wawili walio mbalimbali, Tyrion na kaka yake Jaime, kila mmoja kwa njia yake na bila kuonana na mwenzake, wanafikia jina moja: Joffrey, mfalme kijana. Hakuna aliyekiri, na kitabu hakipigi muhuri. Lakini maelezo mawili yasiyofundishana yanapokutana, mpelelezi mzoefu hulala usingizi. Katika televisheni kesi ile ile iliachwa kabatini kwa miaka, ikafunguliwa mwaka 2017, kisu kikarudishwa mikononi mwa Petyr Baelish, na hukumu ikatekelezwa palepale ukumbini. Ushahidi mkubwa uliotolewa ulikuwa maono ya kijana mmoja. Petyr alikuwa na makosa mengine ya kumtosha, hilo hatubishani. Lakini jalada lile lingerudishwa na hakimu yeyote wa mkoa.

Tuje kwenye Ukuta, mahali ambapo, kwa maoni yetu, tofauti ya kitabu na televisheni inamgusa askari kuliko popote. Walinzi wa Usiku ni kikosi kinacholinda mpaka wa kaskazini. Wamekula kiapo cha kutooa, kutomiliki ardhi, na kutojiingiza katika ugomvi wa wafalme. Kamanda wao, Jon Snow, anachomwa visu na askari wake mwenyewe. Katika televisheni, mwaka 2015, sababu ni moja na ni nyepesi: amewafungulia mlango watu wa ng'ambo ya Ukuta ambao ni maadui wa zamani, na wenye chuki wanamwua. Kiongozi wa wauaji ni Alliser Thorne, ambaye tangu siku ya kwanza tumefundishwa kumchukia. Mtazamaji hapati taabu yoyote ya moyo.

Kitabuni Thorne hayupo hata kambini. Ametumwa doria mbali. Anayechoma ni Bowen Marsh, ofisa wa ghala, mzee wa hesabu, mtu anayejua ni magunia mangapi yamebaki na majira ya baridi ni marefu kiasi gani. Kwa sura nyingi amemwendea kamanda na daftari lake, akimwonya kwamba chakula hakitoshi, akajibiwa kwa adabu na kupuuzwa. Kisha siku moja kamanda anasimama mbele ya watu na kutangaza kwamba anauacha Ukuta kwenda kusini kupigana na bwana mmoja aliyemtumia barua ya matusi. Yaani anakwenda kufanya lile ambalo kiapo kimekataza. Marsh anamchoma huku machozi yakimtiririka. Ni maasi yale, au ni watu waliojiona wanakilinda kiapo dhidi ya aliyekivunja? Mtunzi hasemi.

Hatuyaandiki haya kwa wepesi. Burundi ni nchi ambayo Rais wake aliyechaguliwa, Melchior Ndadaye, aliuawa na wanajeshi walioasi tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vilivyofuata vilikula watu kwa miaka mingi. Makubaliano yaliyotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000 yaliingia hadi ndani ya kambi, yakaweka sharti kwamba kabila moja lisizidi nusu ya majeshi ya ulinzi na usalama, ili mambo yale yasirudi. Askari wa hapa anapowaona walinzi wamemzingira kamanda wao gizani, haoni kichekesho cha Wazungu. Kumwambia kwamba wauaji ni watu wenye sura mbaya na roho mbaya ni kumpa faraja ya bure. Kitabu hakimpi faraja hiyo. Kinamkalisha karibu na Marsh na daftari lake, mpaka amwelewe, na bado asimsamehe.

Na hapo ndipo hadithi ya Jon ilipokatika kwa msomaji, mwaka 2011. Amelala katika theluji. Mtazamaji alingoja chini ya mwaka mmoja tu. Mwaka 2016 akamwona anafufuka. Kwa hiyo, afande, hapa wewe uliyetazama una jambo ambalo msomaji mkongwe hana, nalo ni utulivu. Sisi tuliosoma mapema tulikifunga kitabu cha tano kwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa sahani, na hasira hiyo imewafanya wasomaji wengi wamtukane mzee wa watu kana kwamba ni kibarua wao. Wewe huna haraka hiyo. Wajua kuna kukatika, umejiandaa, waweza kusoma polepole.

Labda utasema: lakini mwisho naujua, na mwisho ndio mali ya hadithi. Twakataa, na ushahidi wetu umo katika ziwa hili hili. Mwaka 1915 Waingereza walizileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini kwa gari moshi, zikakokotwa milimani Kongo kwa ng'ombe na matrekta ya mvuke hadi Ziwa Tanganyika, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Kutoka katika mkasa huo Mwingereza C. S. Forester alitunga hadithi yake The African Queen mwaka 1935, na mwaka 1951 John Huston akaifanya filamu, nyota wake wakiwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Filamu inamalizika kwa mashua kuukuu, iliyokwisha kupinduka, kuilipua meli ya Wajerumani kwa mabomu yaliyofungwa ubavuni mwake. Kitabuni haikuwa hivyo: mashua inazama bure katika dhoruba, na kazi inamalizwa na wanamaji wa Kiingereza. Na ziwani kwenyewe haikuwa hivi wala vile, kwa maana meli iliyokuwa kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen, ilizamishwa karibu na Kigoma mwezi Julai 1916 na Wajerumani wenyewe walipokuwa wakirudi nyuma. Ikaopolewa baadaye, na tangu mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba na kubeba abiria wa ziwa hili kwa miaka mingi. Mkasa mmoja, miisho mitatu. Aliyeiona filamu hakuharibiwa chochote asikisome kitabu, na aliyekisoma kitabu bado alikuwa hajaijua Liemba.

Vivyo hivyo mwisho wa mwaka 2019, ambamo Jon anamchoma kisu Daenerys na kiwete Bran anavishwa taji, ni mwisho wa televisheni. Huenda Martin akafika huko huko. Lakini kitabuni wamo watu ambao televisheni haikuwaingiza kabisa: Catelyn Stark, mama yake Robb, aliyekwisha kuchinjwa, anarudi kutoka mtoni bila sauti na bila huruma, anawanyonga watu njiani, na yupo kijana anayedai kuwa mrithi halali wa kiti cha enzi, ambaye tayari amekwisha kuteremsha askari pwani. Safari yenye abiria hao haiwezi kufuata njia ile ile, hata kama bandari ni moja.

Limebaki la utaratibu, nalo ni la lazima kwa msomaji wa Burundi. Vitabu vitano vya Kiingereza, kwa Kifaransa, chini ya jina la Le Trône de fer, vilikatwakatwa vikawa juzuu 15. Kumi na mbili za kwanza zilifasiriwa na Jean Sola, kwa Kifaransa cha kikale chenye maneno ya kumtoa jasho hata mwalimu. Tatu za mwisho ni za Patrick Marcel, na hizo ni nyepesi zaidi. Baadaye yalitolewa machapisho yaliyoziunganisha tena zikawa vitabu vitano vinene. Tahadhari moja: juzuu ya nane inaitwa Les Noces pourpres, jina ambalo linatangaza jaladani ile arusi ya damu ambayo mtunzi aliificha kwa kurasa mamia. Na hiyo, kwa bahati mbaya, ndiyo aliyokuwa nayo afande, ile ya jalada lililochanika. Tulimshauri aiweke chini ya mto wake mpaka apate ya kwanza.

Tuliporudi Rumonge mara ya pili mwezi ulikuwa umekwisha kufa, na taa za wavuvi zilikuwa zimetapakaa ziwani hadi upeo wa macho. Kibanda kilikuwa na watu wanne. Afande alikuwa ameipata juzuu ya kwanza mjini Bujumbura, kwa muuza vitabu vikuukuu, na alikuwa amefika pale mtu mwenye kisu anapoingia chumbani mwa Bran. Tulitaka kumkumbusha yale ya Joffrey na Petyr. Alituinulia mkono tunyamaze.